Samadi ya Mwaipopo

Shamba la Bi Sekela lilikuwa limechoka, na mahindi yake yalitoka membamba kama vidole vya mtoto. Akaenda kwa Mwaipopo, tajiri wa ng'ombe, kumwomba samadi.

"Zizini kwangu hakitoki hata kikapu kimoja," alijibu Mwaipopo. "Tena kiangazi hiki ng'ombe wangu watakula mabua yako."

"Wale, baba, ila jioni uwarudishe kwako. Wakilala kwenye konde langu la juu, nitakufa mie!"

Mwaipopo akacheka. Siku hiyohiyo akajenga uzio konde la juu, ng'ombe wakalala hapo.

Baada ya muda Sekela alikuja ameshika kichwa. "Basi afadhali wabaki hapohapo, baba. Usiwapeleke bondeni nilikovuna maharage!"

"Kumbe ndiko kunakouma?" Uzio ukahamia bondeni. Sekela akalilia upande wa mtoni, nao uzio ukahamia mtoni. Alipolilia, ndipo ng'ombe walipolala.

Mvua zikaja. Sekela akapanda mahindi palipokuwa na maharage, na maharage palipokuwa na mahindi. Yote yakastawi, mahindi yakampita kimo. Ya Mwaipopo yakawa ya manjano.

Akaja mbio. "Mwizi wee! Zizi langu halina samadi hata chembe. Umeibeba lini?"

"Mimi, baba? Na mgongo huu?" Sekela akavunja mahindi mabichi mawili, akampa akachome. "Waliibeba ng'ombe wako. Kazi yangu ilikuwa kulia tu, kila kipande cha shamba kilipojaa samadi."