Uchafu wa Tangi la Subira

"Uchafu wa tangi huamka na mawimbi." Punde tu mama yenu amemwambia baba yenu mdogo maneno hayo, naye akainuka na kikombe chake, akaenda kumalizia chai nje. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi, na ilianza huku huku kwetu Ujiji.

Palikuwa na nahodha aliyeitwa Mrisho Kabezya, mwenye boti ya abiria iliyoitwa Subira. Boti hiyo aliirithi kwa baba yake, na pamoja nayo alirithi mwiko: tangi la dizeli lisikauke kamwe. Marehemu alikuwa akisema kwamba dizeli mpya ni mgeni, na mgeni hukuta mwenyeji nyumbani, la sivyo baraka huondoka. Basi Mrisho aliongeza juu, akaongeza juu, mwaka nenda mwaka rudi, na kilichokaa chini hakuna aliyekiona. Shemeji yake, Asukulu, ndiye aliyekuwa fundi wa mashine. Alimsihi mara nyingi walimwage tangi, walioshe. Mrisho alicheka tu na kusema, "Shemeji, wewe unataka kunifukuzia baraka." Ziwa lilikuwa tulivu na Subira ilikwenda na kurudi salama. Nani angemsikiliza fundi?

Ikafika siku ya Mrisho kumpeleka binti yake, Havijawa, kwa mumewe kusini mwa ziwa. Boti ilijaa mashangazi, magodoro, masufuria na ngoma. Mchana upepo wa kusi ukaamka ghafla, mawimbi yakainuka, na nyimbo zikageuka kuwa dua. Mrisho hakutishika, kwa kuwa mawimbi aliyajua tangu utotoni. Kilichomtisha ni sauti ya mashine. Ilipungua, ikakohoa, ikazima.

Boti isiyo na mashine huyapa mawimbi ubavu. Subira iligeuka, ikaanza kusukumwa kuelekea rasi ya miamba, mahali ambapo maji yalikuwa yakipasuka meupe. Mrisho aligeuka kumtazama Havijawa. Mtoto wake wa pekee alikuwa humo ndani.

Asukulu alilegeza skrubu ya kutolea hewa, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Mashine ikawaka, na wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele havijaisha, ikazima tena. Akafungua filta, lile chujio la mafuta, akakuta tope jeusi, zito kama uji ulioungua. Akaweka filta mpya, akatoa hewa, akawasha. Safari hii ilizima upesi zaidi. Ikabaki filta moja tu.

Mrisho akaburuta dumu la dizeli safi waliyoiweka kwa safari ya kurudi, akafungua kifuniko cha tangi. Asukulu akauziba mdomo wa tangi kwa kiganja.

"Ukimimina humu, shemeji, tumekwisha."

"Toa mkono! Mafuta hayafiki kwenye mashine!"

"Mafuta yamo, ila hayapiti. Mawimbi yamekoroga taka za chini, nazo ndizo zinazoziba. Filta hii ya mwisho nikiiweka kwa mafuta ya tangi, itaziba kama zile. Niache nichomoe mpira wa mafuta tangini, niutie ndani ya dumu. Mashine inywe humo."

"Tangi la baba tuliache?"

"Tangi la baba ndilo linalotuua!"

Mrisho alilishikilia dumu lake. Aliiogopa miamba, lakini wallahi, alimwogopa marehemu pia, kama vile mzee amesimama nyuma yake na bakora. Ndipo Havijawa alipotambaa mpaka mlangoni pa chumba cha mashine, hina mbichi imemchafua mpaka mavazi.

"Baba," aliuliza polepole, "ndiyo tunakufa?"

Mrisho alilinyanyua dumu akaliweka juu ya sanduku, ili mafuta yateremke, akalikumbatia lisianguke.

"Chomoa," alimwambia shemeji yake.

Asukulu akabadilisha filta, akatia mpira ndani ya dumu, akapiga pampu. Mapovu yalitoka, yakazidi kutoka. Nje mtu alipiga kelele kwamba miamba i karibu hata anauona ukoka juu yake. "Bado," alisema Asukulu. "Bado kidogo." Halafu akawasha. Mashine ikanguruma, Subira ikageuza pua, na miamba ikaanza kubaki nyuma. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Wote walikuwa wakiisikiliza mashine.

Walipofika, Mrisho hakugusa pilau ya harusi. Alitaka tangi lifunguliwe kwanza. Lile tope likajaza ndoo, likajaza nyingine. Havijawa alitazama akashangaa.

"Baba, yote haya yalikuwemo siku zote? Mbona tulikuwa tunafika?"

"Ziwa lilikuwa limelala, mwanangu, nayo yakalala," alijibu Mrisho, macho yake chini. "Uchafu wa tangi huamka na mawimbi."

Basi, wajukuu zangu, mama yenu na baba yenu mdogo wana neno la shamba la marehemu babu yenu. Walilifunika tangu msibani, na kila mwaka wanamimina salamu na vicheko juu yake. Sasa harusi ya dada yenu imekaribia, na ndugu wote watakuja. Mimi naogopa. Nendeni mkamwite baba yenu mdogo arudi ndani, tuzungumze leo, wakati ziwa bado limetulia. Uchafu wa tangi huamka na mawimbi.