Kisima Kilichimbwa Siku Ngapi

Paukwa!

Pakawa.

Wameitikia wanne, wa tano anatafuna. Tuanze, atatukuta njiani.

Hapo zamani za kale, karatasi zilipokuwa chache na uongo ukisemwa kwa mdomo tu, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja. Kando ya kisima palikuwa na nyumba ya Mzee Mwichande, na nyumba ilikuwa na baraza, na baraza ilikuwa na wazee watatu kila alasiri. Mwichande mwenyewe. Mtani wake, Mzee Tupa. Na Bi Mwanashuru, aliyekuja na miyaa yake kusuka ukili wa mkeka, shwa, shwa, shwa, wala hainui macho.

Walizungumza nini? Mambo ya kale. Nani alihamia kutoka wapi, nani alimwacha nani, na kisima kilichimbwa siku ngapi.

"Saba," husema Mwichande.

"Tisa," husema Tupa.

"Saba. Bibi yangu alikuwemo shimoni."

"Bibi yako alikuwemo kivulini. Tisa."

Baraza ile ilikuwa na mila yake: habari ya kale haipiti bila kupingwa. Ukisimulia na wenzako wakanyamaza, wamekutukana; wamekuona mwongo usiyestahili hata kubishiwa. Ubishi wa kisima ulikuwa na umri wa miaka arobaini, na haukuwahi kuugua hata mafua.

Siku moja, ti-ti-ti, ti-ti-ti, mbiu ya mgambo. Akaja Karani wa Mfalme, na karatasi, na muhuri mkubwa kuliko habari yenyewe. Akasoma. Kisima kilichimbwa na babu wa Mfalme. Kwa hiyo ni cha Mfalme. Kwa hiyo kitafungwa, na anayetaka maji aende mtoni. Mto ulikuwa mwendo wa nusu siku, kwa mwenye magoti mazima.

"Mwenye pingamizi aje Ijumaa mbele ya Mfalme," akasema, "na mashahidi wenye neno moja." Akagonga muhuri. Kwa!

Kijiji kizima kikageuka kuwatazama wale wazee. Nani mwingine alijua mambo ya kisima? Mwichande akaona koo limemkauka, na kisima bado hakijafungwa.

"Mtani," akamwambia Tupa, "Ijumaa tuseme siku saba."

"Tuseme tisa."

"Tupa, watu watakufa kiu."

"Waokoe basi. Sema tisa."

Wakavutana Jumatano. Wakavutana Alhamisi. Mwishowe Tupa akakubali saba, kwa uso wa mtu anayemeza shubiri. Bi Mwanashuru akasuka, shwa, shwa.

"Nawe, Bi, utasema saba?"

"Nitasema nilichosikia."

"Ulisikia ngapi?"

"Nimesikia mkibishana."

Mwichande akaenda zake na moyo mzito.

Ijumaa ikafika. Mfalme akaketi ukumbini. Kesi yake, hakimu yeye. Mambo hayo huokoa muda. Karani akaleta mashahidi watatu, kanzu nyeupe pe. Wa kwanza akasema: "Kisima kilichimbwa na babu wa Mfalme, kwa siku tano, kwa furaha, kisha watu wakala pilau." Wa pili akasema: kwa siku tano, kwa furaha, wakala pilau. Wa tatu akasema vivyo hivyo, na akakohoa pale pale walipokohoa wenzake.

Akasimama Mwichande. "Kilichimbwa na bibi zetu, siku saba, mwaka wa njaa. Walikuwa wakila ndiga, ule mzizi mchungu wa porini."

Akasimama Tupa. "Siku saba," akasema. Mwichande akashusha pumzi. "Ila ndiga sikubali. Walikula ming'oko, viazi vya porini."

"Ming'oko ilikwisha porini mapema," Mwichande akasema. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Kwenu. Sisi tulijua pa kuchimba."

"Mngechimba na nini? Majembe mliazima kwetu."

"Tuliyangoja siku mbili. Ndiyo maana zikawa tisa."

Karani akatabasamu, akachovya kalamu. Mwichande akatamani kile kisima kiwe karibu, ajitumbukize. Maji ya kijiji kizima, na yeye ameyamwaga kwa sababu ya mzizi.

Bi Mwanashuru akakunja ukili wake, akasimama polepole.

"Mfalme, wazee hawa wanabishana mzizi gani. Naomba nimuulize Karani. Mwanangu, babu wa Mfalme alikula pilau kisima kilipochimbwa?"

"Alikula. Imeandikwa."

"Na kisima huchimbwa lini? Mwaka wa mvua, maji yanapotuingia majumbani?"

Karani akatazama karatasi. Akaigeuza, akaitazama na nyuma.

"Huchimbwa mwaka wa ukame," akasema Bi Mwanashuru, "na ukame ule ulileta njaa, hata ng'ombe wa hapa kwa Mfalme waliisha. Sasa chagua. Ama babu wa Mfalme alikula pilau huku watu wake wakila mizizi. Liandike hilo, uligonge muhuri. Ama hakuwepo."

Karani akamtazama Mfalme. Mfalme akatazama dari. Watu wakaanza kucheka, kwanza puani.

"Babu yangu hakuwepo," akasema Mfalme. "Alikuwa na shughuli."

Tupa akafungua kinywa apinge. Mwichande akamkanyaga mguu.

Kisima kikabaki wazi. Karani akaamriwa aandike habari ya kweli, na kama adhabu akaketishwa kwenye baraza ya Mwichande. Saba, akaandika, kwaru kwaru. Tisa, akafuta. Ndiga, akaandika. Ming'oko, akafuta. Siku ya nne akamgeukia Bi Mwanashuru kama mtu anayezama.

"Bi, nisaidie. Zilikuwa siku ngapi?"

Bi Mwanashuru akavuta miyaa. Shwa.

"Nane," akasema.

Wazee wawili wakamgeukia kwa pamoja, na Karani akafunika wino wake.

Basi, wenzangu, ukiona watu watatu wamekumbuka sawasawa mpaka kikohozi, mtafute aliyewafundisha. Waliorithi habari huigombania.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayesema haikuwa hivyo, amenipa heshima.