Bi Dubu na Mmea wa Kivulini

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika msitu wa milima ya baridi, alikuwako Bi Dubu. Nyie hamjamwona dubu: mnyama mkubwa, manyoya tele, akinguruma majani yanapukutika. Wenzake wote waliwindwa wakaisha. Alibaki yeye na mwanawe mchanga.

Mlangoni pa pango lake uliota mmea mdogo, jina lake Kivulini. Nao wenzake waliisha, miti iliyowafunika ilipokatwa. Hayo aliyajua Bi Dubu peke yake. Homa ikimshika yeye au mwanawe, alipiga magoti akasema, "Mwenzangu, nipe jani moja."

"Chukua, dada. Mzizi niachie."

Siku moja Bi Dubu akashikwa na homa kali, hata kuinuka hawezi. Habari zikaenea: dubu wa mwisho anaumwa! Wanyama wakalia, wakafunga safari. Na desturi ya msitu ule, huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Akaja Swala. Kufika mlangoni, akakumbuka hana kitu.

"Nami nimebaki peke yangu," Kivulini akamwambia.

"Wewe? Majani tu wewe!" Akachuma maua yote.

Akaja Nungunungu. Naye hana kitu.

"Nami nimebaki peke yangu."

"Majani tu wewe!" Akachuma majani yote.

Akaja Nyani, mpenda sifa. Hakukuta ua wala jani.

"Nami nimebaki..."

Hakungoja. Akang'oa mzizi, akauchemsha wote, akamnywesha mgonjwa.

Homa ikashuka. Vigelegele! Nyani akajipiga kifua. Bi Dubu akafumbua macho, akaona mzizi ndani ya chungu, moyo ukampasuka.

"Nani kamng'oa mwenzangu?"

"Mwenzako yupi, Bibi? Wewe ndiye wa mwisho!" Wakacheka, wakaenda zao.

Masika hayajaisha, homa ikamshika mtoto. Bi Dubu akakimbilia mlangoni, akapiga magoti. "Mwenzangu, nipe jani moja."

Palikuwa na shimo tu, limejaa maji ya mvua.

Wanyama wakaja tena na zawadi zao: asali, matunda, nyasi laini za kulalia. Walilia kwa dhati, siwasingizii. Lakini homa haikushuka, na mtoto akakata roho mikononi mwa mama yake.

Swala akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, mbona hukutuambia kwamba ule mmea ndio dawa, na umebaki mmoja?"

"Mwenyewe aliwaambia," akasema Bi Dubu. "Alimwambia kila mmoja wenu."

Basi, wanangu, mnapomlilia mkubwa, tazameni chini mlipokanyaga. Huenda anayemweka hai ni huyo mdogo asiyeliliwa na mtu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mwenye machozi afute, na mkitoka hapa, piteni polepole.