Fisi na Kamera ya Mguu Mmoja

"Jamani, ngano ipo!"

"Ipo wapi?"

"Ipo kinywani."

"Itoe tuionje!"

Basi ionjeni. Hapo kale, wala si kale sana maana kamera zilikuwapo, Nguchiro na Fisi walikuwa wakipiga picha za harusi. Kamera ilikuwa ya Fisi, maneno yalikuwa ya Nguchiro. Kamera yenyewe ilikaa juu ya stendi ya miguu mitatu, ikatulia kama chungu juu ya mafiga.

Na kutulia huko ndiko kulikoleta shida. Fisi akibonyeza, mikono yake huru, anakwenda sufuriani. Chapu! Akibonyeza tena, anakwenda sufuriani. Chapu! Katika nchi yao mama wa bibi harusi hali mpaka mgeni wa mwisho ashibe, na mgeni wa mwisho alikuwa Fisi, naye hashibi. Mama wengi waliwaoza binti zao, kisha wakalala na ukoko.

Sasa akaposwa dada yake Nguchiro. Nguchiro akamtazama mama yake alivyokonda, akasema moyoni, "Huyu hatakula ukoko." Akakata mwanzi mmoja, akaufunga kishikio juu, akampelekea Fisi.

"Kaka, iache ile mitatu. Huu ni mguu mmoja."

"Una faida gani?"

"Mwepesi, unaubeba begani kama fimbo. Haukwazi wazee. Bibi harusi akigeuka, nawe umegeuka. Na picha haitikisiki kama ukishika kwa mikono mitupu."

"Na hasara?"

Nguchiro akajikuna shingo. "Unapenda kushikwa."

Fisi akacheka hadi machozi. "Kumbe ni kama bwana harusi! Lete, mdogo wangu."

Siku ikafika, pilau likanukia. Fisi akapiga picha, akauachia mguu aende sufuriani. Mguu ukayumba, yu-yu-yu! Akaudaka. Akapiga picha, akauachia. Mguu ukayumba, yu-yu-yu! Akaudaka. Akataka kuuegemeza ukutani.

"Kaka, bibi harusi huyo anageuka!"

"Nishikie kidogo basi, mdogo wangu."

"Mimi napanga wageni, kaka!"

Fisi akashika, mate yakimtoka. Wageni wakala, wakashiba, wakanawa. Ndipo mama akaketi, akala paja zima, akaramba vidole, akafumba macho. Nguchiro akamtazama, na moyo wake ukashiba kuliko tumbo.

Kisha wakaitwa kwenye picha ya jamaa wote, na hapo Nguchiro akakumbuka jambo ambalo hakulipima. Enzi za miguu mitatu, Fisi aliitega kamera ijipigie yenyewe, akakimbia, ti-ti-ti-ti, akasimama pembeni, meno nje. Kacha! Hapakuwa na harusi ambayo hakuonekana pembeni. Fisi hakuwa na mama, wala dada wa kumwoza. Picha za jamaa za wenzake ndizo alizotundika ukutani kwake.

"Mwanangu Fisi," mama akaita, "njoo usimame hapa kwangu."

Fisi akautazama mguu. "Nikija, mama, kamera italala chini."

"Hakuna wa kukushikia?"

Fisi akamwangalia Nguchiro tu.

Nguchiro alikuwa na mikono miwili isiyo na kazi. Lakini sufuria ilikuwa karibu, nyama ingalimo, na mama alikuwa hajaongeza. Akaupima tena ule mguu, faida yake na hasara yake. Akaificha mikono yake mgongoni.

"Haya, chekeni," Fisi akasema.

Kacha!

Akaondoka na mwanzi wake begani. Mama akamwita arudi ale. Alisema ameshiba, na hilo halikuwa limewahi kusikika kinywani mwake.

Picha ilipotoka, wote walionekana: dada na mumewe, shangazi, mama na mafuta yakimeremeta kidevuni. Na kushoto kwa mama palikuwa wazi, upana wa fisi mmoja, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kusogea. Nguchiro aliitundika picha hiyo. Kila akipita mbele yake huinamisha macho.

Ngano imetoka kinywani mwangu, imeingia masikioni mwenu. Anayeitaka aende nayo.

"Na funzo lake?"

Funzo? Jamani, nunueni mguu mmoja. Ni mwepesi, na hauchukui nafasi ya mtu.