Jina Lililoharibu Mstari

Leo mtabisha, na mimi nawaruhusu mbishe. Hasa ninyi wenye digrii mliokaa mbele. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili nawaambia kwamba neno moja kwenye simu lilisimamisha mazishi. Hamwamini? Haya.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kurasa za mtandao, kijana hodari, karibu anifikie mimi. Akapewa tangazo la msiba. Mzee amefariki, ukoo umetawanyika, kila mtu atalisoma kwenye simu yake. Fundi akataka maandishi yanyooke kulia na kushoto kama ukuta wa tofali. Mmewahi kuona maneno yakilazimishwa kunyooka kwenye kioo chembamba? Yanavutwa, yanaachana, yanabaki mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Na chini kabisa likabaki neno moja, peke yake kwenye mstari.

Mtoto mkubwa wa marehemu akachungulia. "Kaka, nini hicho kinaning'inia hapo chini?"

"Jina la dada yako. 'Ameacha watoto Ambakisye, Lusajo, Gwakisa na Tuntufye.' Huyu Tuntufye amekosa nafasi juu."

"Nyoosha bwana, watu wa mjini watatucheka."

Fundi akalifuta. Tuntufye alikuwa mtoto wa kulelewa. Fundi akajisemea, mwenyewe anajua kwamba yumo. Ukurasa ukapendeza. Watu wakausifu.

Siku ya kuzika, mama mfiwa akatazama huku na huku, akampigia binti. "Mwanangu, umefika wapi?"

"Sijatoka, mama. Nimesoma tangazo, nikaona watoto wa baba ni watatu. Nikarudisha nguo kabatini."

Mama akamgeukia fundi, ambaye naye alikuwepo msibani. "Jina la mwanangu liko wapi?"

"Lilikuwa linaharibu mstari, mama."

"Huyo ndiye aliyemwogesha baba yake mpaka anakata roho. Jeneza halitoki humu ndani mpaka afike."

Fundi akalirudisha palepale. Akaacha ukingo wa kulia upinde upendavyo, na mapengo yakaziba. Kisha kati ya Gwakisa na Tuntufye akaweka nafasi isiyokatika, kifundo kidogo kisichoonekana: mstari ukijaa, Tuntufye hashuki peke yake, anashuka na kaka yake. Binti akauona ukurasa, akapanda basi. Mzee alizikwa kesho yake, watoto wake wote wakiwepo.

Sasa sisi. Tunapenda kunyooka, eti? Tukipiga picha ya ukoo, nani tunamwambia asogee pembeni kidogo? Yule aliyezalia nyumbani? Yule kaka mlevi? Mbona mnatazama chini, mimi niko huku juu. Aliyebaki peke yake hafutwi, ndugu zangu. Anafungiwa mwenzake.

Naona mnamhurumia fundi, mnasema hakujua. Hapo kuna kipande nilikiruka makusudi, ili mwendelee kunisikiliza. Kile kifundo alikijua tangu mwanzo. Ila kufunga kunataka ukae, utafute nani wa kufungwa na nani. Kufuta ni kidole kimoja. Alikijua vizuri, kama mimi ninavyokijua, na kama wewe.