Kiboko na Dirisha la Pampu

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi katika nyumba na kupika kwenye meko yao, kijiji chao kilikuwa na kisima kimoja chenye pampu. Pampu hiyo iliendeshwa kwa kompyuta. Ukiandika amri katika dirisha jeusi kwenye kioo chake, puu, puu, puu, maji yanakwenda ulikoyaelekeza. Dirisha lilikuwa moja tu, na sheria ilisema kwamba kazi ya mnyama ikishaanza, mwenzake asiikate.

Mwaka wa ukame, Kiboko alitangulia kufika. Akaandika amri ya kujaza bwawa lake, nalo lilikuwa kubwa mno. Amri ile ikalishika dirisha, likawa halipokei neno jingine. Kiboko akakaa mbele ya kioo, akailinda kazi yake.

Bi Ngiri alikwenda kumsihi. "Baba, wanangu hawajanywa kitu. Nisaidie ndoo moja tu."

"Ngoja bwawa lijae," alijibu Kiboko.

Mwana wa mwisho wa Bi Ngiri hakuweza kungoja. Walimzika nyuma ya nyumba, katika udongo mkavu uliokataa kushikamana.

Pimbi, jirani yao, alitoka mazikoni akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha pampu. Alikuwa mdogo kuliko sikio la Tembo, lakini kompyuta ile aliijua vizuri. Alimkuta Kiboko ngozi imempasuka mgongoni kwa kukaa nje ya maji.

"Shikamoo, mzee. Mgongo unavuja damu."

"Marahaba. Nikiondoka mtanichezea kazi yangu."

"Kwani lazima uikalie? Isimamishe kidogo, kisha iambie iendelee kwa nyuma. Itafanya kazi yenyewe, nawe ukaoge."

Kiboko akauliza, "Na dirisha?"

"Litakuwa huru. Liache wazi, na sisi tuandike amri zetu. Bwawa lako litaendelea kujaa, na watoto watakunywa."

Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini Pimbi alimjua Kiboko, na kuna jambo moja hakumwambia.

Kiboko akabonyeza kama alivyoelekezwa. Pampu ikanyamaza, kisha ikaanza tena, puu, puu, puu, na dirisha likawa tupu, likingoja amri. Pimbi akasogea.

"Subiri," alisema Kiboko. "Kazi yangu si inaendelea yenyewe? Basi dirisha la nini?" Akalifunga, akatoka kwenda bwawani.

Kazi ya nyuma ilikuwa imezaliwa na dirisha lile, na dirisha lilipofungwa, ilikufa nalo. Pampu ikanyamaza kimya.

Pimbi hakukata kazi ya mtu. Alilifungua dirisha upya, akaandika amri ya kupeleka maji katika kila nyumba. Mwanzoni akaweka neno la kuiambia amri isijali dirisha likifungwa, na mwishoni alama ya kuipeleka nyuma.

Puu, puu, puu.

Kiboko alipoona mfereji wake umekauka, alirudi akihema. "Nani amekata kazi yangu?"

"Wewe mwenyewe, mzee, ulipofunga dirisha," alisema Pimbi. "Nilikuomba uliache wazi."

Kiboko akalipiga dirisha kwa kwato, pa, likafungika. Akasikiliza. Pampu iliendelea.

"Yangu ilikufa. Mbona hii haifi?"

"Hii nimeifundisha isife. Hata yako ningeifundisha, kama ungetuachia nafasi."

Nje, Bi Ngiri alikuwa ameinama kwenye bomba lake, akiwanywesha watoto waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Yeye hakunywa mpaka wote walipotosheka.

Wanangu, aliyewafungia wenzake njia ya maji ndiye aliyekausha bwawa lake mwenyewe.