Nani Ashike Mlango wa Nyamtope?

Hadithi hii ina mlango mmoja na wanawake wanne. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana tukifika penye chumvi hakuna kurudia.

Nyamtope ni pale mto unapoingia baharini, na bahari nayo inapotaka kuingia mtoni. Katikati ya wagomvi hao wawili yapo mashamba ya mpunga ya kijiji kizima, yamezungushiwa tuta la udongo. Tuta lina mlango mmoja wa mbao, na mlango ule ulikuwa mikononi mwa Bi Sikudhani. Akiufungua kwa wakati, wote wanakula wali. Akikosea, wote wanakula maneno. Ndiyo maana mwanamke yule hakujua kukaa. Hata chakula alikula amesimama, tonge mkononi, jicho mtoni.

Alikuwa na wakamwana watatu, na kila mmoja alikuja na chake.

Havijawa, mke wa mtoto wa kwanza, alikuja na ulimi. Si ule wa kusengenya, ingawa huo nao haukuwa butu. Kwao walikuwa wapika chumvi, na ukimwekea tone mdomoni alikwambia kama chumvi yake imezidi ya machozi au haijafika ya mchuzi.

Mwasiti, mke wa mtoto wa pili, alikuja na wimbo. Kinu ndicho kilichokuwa saa yake. Alipoimba wimbo wa kutwanga hakukimbiza wala hakuchelewesha, hata kama nyumba ya jirani inaungua.

Somoe, mke wa kitindamimba, alikuja na mikono. Jambo asilolielewa alilifinyanga dogo, akaliweka chini, akalitazama. Alipoolewa tu alifinyanga mji mzima wa mumewe kwa udongo, na mama mkwe ndani yake amefungua mdomo.

Mwaka huo mvua za bara zilikataa. Mto ukakonda ukaonyesha mbavu, na mpunga ulikuwa ndio kwanza una mimba. Na mpunga wenye mimba hauvumilii kiu. Maji yalipokupwa, mto ulikuwa chini mno, haufiki mlangoni. Yalipojaa, bahari iliusukuma mto hadi kizingitini, lakini ikaja na chumvi yake. Maji matamu hayafiki, yanayofika hayaaminiki. Sikudhani alipanda tuta, akashuka, akapanda tena.

Mzee Kindamba, mwenye shamba la chini kabisa na mdomo wa juu kabisa, akamwambia mbele za watu, "Bi Sikudhani, unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mpunga unakufa!"

"Na wewe uliyekaa, umeuokoa kwa makalio?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile kingetosha, lakini hasira ikishapanda ngazi haishuki kwa adabu. Sikudhani akaongeza, "Tena magoti yangu yamechoshwa na mlango huu. Atakayeuokoa mpunga, mlango ni wake. Mmesikia wote."

Wote walisikia. Hapo ndipo alipojifunga kamba.

Havijawa ndiye aliyeanza. Maji yalipojaa aliinama mlangoni, akachota kwa kiganja, akaonja. "Matamu, mama. Fungua."

Mlango ulikuwa ubao mmoja mzito. Uliinuliwa kwa kamba, maji yakapita chini yake. Sikudhani akauinua kidogo tu, upana wa kiganja. Maji yakaingia. Kulipokucha, mpunga kwenye vipande vya shamba vya karibu na mlango, yale majaruba ya kwanza, ulikuwa na ncha za njano kama umepitishwa motoni.

"Havijawa! Ulimi wako umeota kutu?"

"Mama, yalikuwa matamu! Niape kwa nini?"

"Usiape. Angalia majani."

Havijawa akalia. Kulia hakujapata kumwagilia shamba, kwa hiyo Sikudhani akamwacha akarudi tutani.

Somoe akachimba mfereji mrefu nyuma ya jiko, akaufinyanga uwe na kona za mto wenyewe, na ubavuni akapachika kioo cha dirisha lililovunjika ili aone ndani. Upande mmoja akamimina maji ya kunywa. Upande wa pili akamimina maji ya bahari aliyoyakoroga na udongo mwekundu. Sikudhani alipita mbio, akasimama.

"Mpunga wa watu unaungua, wewe unacheza matope?"

"Chuchumaa, mama. Usitazame kwa juu. Tazama kwenye kioo."

Magoti yakalia, lakini alichuchumaa. Yale maji mekundu hayakuchanganyika na mengine. Yalizama, yakatambaa chini kwa chini kama nyoka aliyeingia chini ya mkeka, na juu yake maji meupe yametulia hayana habari. Somoe akaweka kijiti mfano wa mlango, akakiinua kutoka chini. Nyekundu ndiyo iliyotangulia kuingia.

"Havijawa alionja kweli," Somoe akasema. "Alionja mkeka. Sisi tukafungulia nyoka."

Siku hiyohiyo wakaupasua ule ubao kwa msumeno, ukawa vibao vyembamba vilivyopandana, ili waweze kutoa cha juu peke yake na kuyaacha ya chini yabaki nje. Lakini mto ulikuwa mwembamba, na nyoka akishafika mlangoni hunenepa, hupanda mpaka kibao cha juu. Ilibidi kujua amelala wapi, na huchukua muda gani kufika.

Havijawa akafuta machozi. Akafunga jiwe kwenye chupa, akaiziba kwa kizibo chenye uzi, akapanda mtumbwi. Kila kona alizamisha chupa mpaka chini, akavuta uzi kizibo kikatoka, akapandisha, akaonja. Akateremka hivyo mpaka midomo ikapasuka. Jioni akarudi, sauti imekauka. "Maji yakikupwa, chumvi hulala kwenye kona ya mikoko mitatu. Kutoka hapo kupanda mto, hata chini kabisa ni matamu. Safari hii nimeonja godoro, si mkeka."

Mwasiti akachukua vidaka vya nazi, na chini ya kila kimoja akaning'iniza kikapu chenye jiwe ili kivutwe na maji ya chini, si ya juu. Maji yalipoanza kujaa alivitupa pale kwenye mikoko mitatu, akavifuata ukingoni akiimba wimbo wa kutwanga, matope magotini, mbu usoni. Aliteleza akaanguka, akaendelea kuimba kwenye tope. Akarudia kwa maji mafu, yale yasiyopanda sana, akarudia kwa bamvua, maana bamvua ni maji makubwa na hayana mwendo wa wenzake. Kisha akamwambia mkwewe, "Maji yakianza kupanda una muda wa kutwanga kinu kimoja cha mpunga hadi mchele uwe mweupe, kabla nyoka hajafika. Kwa bamvua, komea kwenye kukoboa. Usingoje kupepeta."

Basi ikawa hivyo. Kila maji yalipojaa, Havijawa alikaa mtumbwini pale konani, akipandisha chupa na kupiga kelele kama nyoka amehama. Mwasiti alisimama tutani akiimba. Somoe alishika vibao, na Sikudhani akisema toa, anatoa. Akisema rudisha, anarudisha. Mpunga ukanywa juu ya mgongo wa chumvi bila kuigusa. Ulipokomaa uliinama wenyewe kwa uzito, hata wa Mzee Kindamba, aliyekuwa bado amekaa.

Mavuno yalipokwisha, watu wakaja juu ya tuta. Kindamba akakohoa. "Bi Sikudhani, ile ahadi."

"Nawapa wote watatu."

"Ulisema *atakaye*. Hukusema *watakao*. Na hapa tulishawahi kuwa na ndugu wawili kwenye mlango huu, mmoja akifungua mwenzake anafunga. Mwaka ule tulikula mizizi. Mlango ni wa mkono mmoja."

Hata wasiompenda Kindamba wakatikisa vichwa kukubali.

"Basi ni wangu," akasema Havijawa. "Nyoka hahami kwa amri ya Somoe. Kila maji lazima yaonjwe, na ulimi huu sitaweza kumwazima mtu. Nikiugua, mtafanyaje?"

"Mtakufa kwa kumngoja," Mwasiti akamkata. "Kujua mwizi analala wapi si kujua anafika saa ngapi. Bila wimbo wangu mngefungua mapema mkakosa maji, au mkachelewa mkapata chumvi. Na mto ukibadilika mwakani, nani ataupima upya?"

Somoe alikuwa anakwangua udongo kwenye kucha. "Mlikuwa mnaonja juu na kufungua chini. Mngeendelea hivyo mpaka leo. Na mimi sijaunguza jani hata moja la mtu."

"Lakini hilo lako sasa tunalijua sote," Kindamba akasema. "Hata mimi."

"Ndiyo, Mzee. Umelijua juzi, leo unaniambia halina thamani."

Sikudhani alitembea kutoka mwisho mmoja wa tuta mpaka mwisho wa pili. Alipomtazama Havijawa aliona midomo iliyopasuka. Alipomtazama Mwasiti aliona magoti ya matope. Alipomtazama Somoe aliona mtu ambaye kila aliyekuja nyuma yake alipita kwenye njia yake bila kushukuru. Alijaribu kumtoa mmoja kichwani, na kila alipomtoa mpunga ulikauka. Alipiga kelele wote wanyamaze, na hapakuwa na aliyekuwa anasema.

Chini yake maji yalikuwa yameanza kupanda. Lilikuwa bamvua, na miche mipya ilikuwa tayari majarubani. Atakayekabidhiwa angeanza papo hapo, na wawili watakaobaki wangekuwa na haki ya kwenda nyumbani na ulimi wao, au wimbo wao, au mikono yao. Sikudhani akachomoa kibao cha juu kwa mkono wake, akakishika kifuani, kinachuruzika. Wakamwana watatu wakanyoosha mikono.

Haya, nyinyi mnaopenda wali. Maji hayangojei. Kibao kile angempa nani, na hao wawili wengine angewaambia nini?